Friji ya Jaduka: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya huku kwetu

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka mji mdogo ulio kwenye barabara ya Mamboleo kwenda Muhoroni, mbele kidogo ya Miwani. Gari likipunguza mwendo kwa ajili ya tuta, unaona maduka saba, mwembe mmoja na steji ya bodaboda, basi umeuona mji wote. Baadhi yenu mlikuwa hapa siku tulipomzika Jaduka. Mliketi kwenye hema la mbele, mkapokezana maikrofoni, na mmoja wenu akatangaza kwamba njia inayotoka steji hadi sokoni itapewa jina lake. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Wakati makofi yakiendelea, mjane wake, ambaye nilikuwa nimeketi naye mkekani, aliniinamia sikioni akauliza, "Mwalimu, hizi dawa za watu zilizo kwenye friji nitazifanya nini?"

Swali hilo ndilo limenikalisha chini kuandika. Jina la barabara ni heshima, na familia inashukuru. Lakini mambo aliyoyafanya Jaduka kwa miaka 56 kutoka nyuma ya kaunta yake, bila mshahara wala cheo, yalikuwa kazi ya serikali. Aliyekuwa akiyafanya sasa yuko kaburini. Ninawaomba muichukue kazi hiyo, na muanze na friji.

Familia imeniomba nisiandike majina yake. Wengi wetu hata hatukuyatumia. Jaduka kwa Kijaluo ni mwenye duka, na hapa petu, penye Wajaluo, Wanandi, Waluhya na Wakisii walioletwa na kazi ya miwa, kila mtu alimwita hivyo, hata wale wasiojua neno jingine la Kijaluo.

Ujana wake aliufanyia kazi Miwani, karani wa mizani, kwenye kiwanda cha sukari kilichoanza mwaka 1922, cha kwanza katika nchi hii. Mwaka 1969 akanunua duka kwa Mhindi aliyekuwa anahama. Ilikuwa ile miaka baada ya sheria ya leseni za biashara ya 1967, ambapo wafanyabiashara wengi wa Kihindi katika miji midogo walifunga wakaondoka. Yule Mhindi alimwachia mizani, kabati la vioo na ruhusa ya kulipa polepole, naye akamtumia pesa kwa posta kila mwezi mpaka zikaisha. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti ilifunguliwa Kisumu, ile ambayo wazee mpaka leo huiita Russia. Mnajua yaliyotokea siku ya ufunguzi: risasi zilipigwa, watu wakafa. Jaduka alikuwa ameenda kutazama kama wengine. Alirudi usiku akikokota baiskeli, na kwenye karia amemkalisha kijana wa jirani aliyevunjika mguu katika ule mkimbio. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiihesabu kuwa safari yake ya kwanza ya kubeba mgonjwa, ingawa ilikuwa ya kumtoa hospitalini, si ya kumpeleka.

Sisi tuliozaliwa baadaye tulilijua duka lile kwa pua kabla ya kulijua kwa macho: mafuta ya taa, tumbaku, sabuni ya mche iliyokatwa kwa waya. Unga ulipimwa kwa gorogoro. Wenye maduka wengine walipitisha kijiti juu ya mkebe ili kukata kile kichuguu cha juu. Jaduka alipitisha kiganja, na kama aliyetumwa ni mtoto, aliongeza konzi moja akisema, "Hii ni ya miguu yako." Nimetumwa dukani pale mara nyingi sana, na sikuwahi kufika nyumbani nikaambiwa unga umepungua.

Ninyi mnaoishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi huenda msione kukopesha ni jambo kubwa. Nchi ya miwa ina hesabu zake. Muwa ukiupanda leo, utasubiri kama mwaka mmoja na nusu kabla haujakatwa. Ukikatwa, unasubiri trekta. Ukipimwa, unasubiri malipo, na miaka mingine malipo yamechelewa mpaka mkulima akasahau alidai tani ngapi. Kati ya kupanda na kulipwa, watoto wanakula. Walikula kutoka kwenye daftari la Jaduka. Kiwanda cha Miwani kiliposimama mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuna kurasa nzima za madeni ambazo alizipiga mstari mmoja mrefu kutoka kona hadi kona, akageuza ukurasa. Na mwaka 2025 tuliposikia redioni kwamba viwanda vinne vya umma, Chemelil na Muhoroni vikiwemo, vimekodishwa kwa kampuni za binafsi kwa miaka 30, aliniuliza neno moja tu: "Wamesema mkulima atalipwa baada ya siku ngapi?"

Niruhusuni sasa niseme jambo ambalo halikusemwa kwenye mazishi, kwa sababu mazishini kuna mambo ambayo hayasemeki.

Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999. Huku kwetu tulikuwa tumeshazika kwa zaidi ya miaka kumi. Nakumbuka Jumamosi zenye matanga matatu, na fundi mbao wa hapa akifanya kazi kwa taa usiku. Jaduka aliwabeba wagonjwa kwa baiskeli, akawapelekea uji, akawaosha wale ambao jamaa zao waliogopa kuwagusa. Halafu dawa zikaja, na kuanzia 2006 zikawa za bure katika hospitali za umma. Tukadhani yamekwisha. Kumbe kulikuwa na wanawake waliopewa dawa wakashindwa kwenda nazo nyumbani. Mume akiona kopo, kuna kipigo, au kuna kufukuzwa na watoto.

Kwenye rafu ya juu, nyuma ya pakiti za kiberiti, Jaduka alikuwa na mkebe mkubwa wa chai uliopauka. Jioni mwanamke aliingia, akasema, "Nipe sukari robo." Jaduka alipima sukari robo, akaifunga kwenye gazeti, na ndani ya mkunjo wa gazeti akaweka vidonge vya usiku huo. Maji yalikuwa kwenye jagi pembeni, kwa anayetaka kumeza kabla ya kuondoka. Watu waliokuwa kwenye foleni waliona sukari. Miaka mingi nilikuwa kwenye foleni hiyo, nami niliona sukari.

Mmoja wa wanawake hao ni dada yangu. Ameniruhusu niandike. Alinieleza haya mwaka jana tu, akiwa jikoni kwangu, akimenya ndizi, na wajukuu wake wawili wakicheza uani.

Mwaka 2006 ndio pia mpango wa taifa wa afya ya jamii ulipoanza, na baadaye baraza la chifu likamchagua Jaduka kuwa mhudumu wa kujitolea. Alipewa fulana, begi na daftari la kujaza, akafundishwa kupima mikono ya watoto kwa ule utepe wenye rangi na kutambua dalili za hatari kwa mjamzito. Alilipenda begi lile kuliko koti lake. Septemba 2023 serikali ilipozindua vifaa vya wahudumu 100,000 nchi nzima, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, yeye alikuwa na miaka 80. Aliambiwa awapishe vijana wanaoweza kujaza taarifa kwenye simu. Hakubisha. Alimpa binti aliyechaguliwa begi lake, kisha kwa wiki mbili akatembea naye nyumba kwa nyumba kumwonyesha mlango upi ugongwe na upi usigongwe. Posho ile ni jambo jema, na binti huyo anafanya kazi yake vizuri. Lakini begi lilipohama, usiku haukuhama. Watu waliendelea kugonga dirisha lilelile. Na dawa hazikuwa na friji nyingine ya kuhamia.

Hapa ndipo nilipo mimi.

Mwanangu ana kisukari cha kutegemea insulini. Kiligunduliwa mwaka 2018 akiwa na miaka tisa, baada ya wiki mbili za kunywa maji kama anayezima moto na kukonda mpaka kaptura ikamshuka. Kichupa cha insulini ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kikiganda kimeharibika, kikipata joto kinapoteza nguvu, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Nyumba yangu ni ya mabati. Saa nane mchana mwezi wa Februari, siagi juu ya meza yangu ni mafuta. Nilikwenda zahanati kuomba wanitunzie. Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba friji yao ni ya chanjo, na ya chanjo haiwekwi kitu kingine. Ana haki, sina neno naye. Na hata kama ingewezekana, zahanati inafungwa jioni na Jumapili, ilhali sindano ya mwanangu ni kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni, Jumapili ikiwemo.

Nilisimulia haya dukani wakati nikinunua chumvi. Jaduka hakusema kitu. Alikwenda kwenye friji ya soda, akatoa chupa zote za rafu ya chini, akazipanga kwenye kreti. Kesho yake nilikuta sanduku la plastiki lenye kifuniko na kipimajoto kidogo alichokinunua Kisumu. Baada ya mwezi mmoja, vichupa vya watu watatu vilikuwa mle. Mwaka jana vilikuwa vya watu wanane, na rafu mbili za soda zilikuwa zimeondoka. Hakuandika majina, kwa sababu mteja yeyote angeweza kusoma. Alibandika plasta juu ya kila kichupa na kuchora kitu: samaki, jembe, ua, ufunguo. Cha mwanangu ni mpira.

Alisoma kipimajoto asubuhi, mchana na jioni, akaandika kwa penseli kwenye karatasi iliyogundishwa ubavuni mwa friji. Stima ikipotea, na mnajua inavyopotea huku mvua ikinyesha, alisubiri saa mbili bila kufungua mlango. Isiporudi, alihamisha sanduku kwenye mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya mtungi mwingine, na katikati mchanga uliolowa. Alifunika kwa gunia lililoloweshwa. Aliwahi kuamka mara nne usiku mmoja kumwagia mchanga ule maji. Najua kwa sababu aliandika saa.

Nguzo ya baraza la duka ina misumari mitatu, kila mmoja umepigwa pale maji ya mafuriko yalipofika: wa El Niño ya 1997, wa 2020 na wa 2024. Wa 2024 uko juu ya goti langu. Usiku ule maji yalipoanza kuingia, wanawe walikimbilia magunia ya sukari. Yeye alitoka na sanduku la plastiki kichwani, tochi mdomoni, akapita majini mpaka shule ya msingi ambako watu walikuwa wamekimbilia. Alikuwa na miaka 81. Sukari ilipotea gunia saba.

Sitaki mfikiri ninaandika habari za malaika. Jaduka alikuwa mkaidi. Tulimwambia mara nyingi afundishe mtu mwingine, awape wawili watatu ufunguo, aandike mpango. Alisema, "Nikiwa hai hakuna haja." Hilo nililiona kuwa kosa na nilimwambia, na bado naliona kuwa kosa. Ila nasi tulimzoea. Ni rahisi kumgongea mzee dirisha kuliko kwenda kwenye ofisi kudai huduma, nasi tulichagua dirisha kwa miaka 56. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu.

Baada ya mazishi familia ilinipa madaftari nisome, kwa kuwa macho ya mama hayaoni vizuri. Nilidhani ni madeni. Nusu ni madeni kweli. Nusu nyingine ni safari za usiku. Amezipanga kwa mistari, kwa mwandiko wa karani wa mizani: tarehe, saa, aina ya mgonjwa bila jina, chombo cha usafiri, pesa alizotoa, na mwisho neno moja. Nanakili mistari mitatu ya ukurasa mmoja wa 2013: "Saa nane usiku, mjamzito, pikipiki, 400, amefika. Saa nne usiku, mtoto degedege, gari la miwa, 0, amefika. Saa tisa usiku, mjamzito, pikipiki, 500, hakufika." Chini ya neno hilo la mwisho penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Madaftari hayo ninayo. Yeyote kati yenu anayetaka kujua mji huu unahitaji nini usiku, na ni barabara gani hupitika mwezi wa nne, hahitaji kulipa mtu afanye utafiti. Aje nimpe chai, asome.

Mwisho wake mwenyewe ulikuwa wa harambee. Alilazwa wiki tatu. Bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ilikuwa imeshachukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tangu Oktoba 2024, na mchango wake wa mwaka alikuwa hajaukamilisha, kwa kuwa baada ya mafuriko duka halikusimama tena sawasawa. Tulipitisha bakuli kanisani, msikitini na kwenye steji. Vijana wa bodaboda walitoa makusanyo ya siku mbili. Bili ililipwa, mwili ukatoka. Wapo wazee wengine waliovaa fulana zile kuanzia 2006, wakapishwa 2023 bila hata barua ya asante. Ninaomba mlipe michango yao ya bima ya afya. Si wengi, na binti aliyepokea begi anaweza kuwaandikia orodha kwa siku moja.

Na friji. Ninaomba friji ya pili pale zahanati, ndogo tu, isiyo ya chanjo, yenye sola kwa siku ambazo stima hakuna. Ninaomba mtu mmoja anayeishi karibu, alipwe, awe na ufunguo asubuhi na jioni siku zote saba, na namba yake ibandikwe mlangoni. Insulini yenyewe tunajitafutia. Tunaomba mahali pa kuiweka. Kama kuna pesa za kibao cha barabara, na kibao kinaweza kungoja, anzeni na hii.

Kuna haraka, nanyi niwaeleze kwa nini. Friji ya soda haikuwa mali ya Jaduka. Ni ya wanaouza soda, humpa mwenye duka maadamu anauza. Duka limefungwa tangu matanga. Wamepiga simu kwa adabu, wakatoa pole, wakasema gari lao litapita mwisho wa mwezi kuichukua. Siwezi kuwalaumu.

Kwa sasa ndani mna vichupa sita. Mjane huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kufungua, na mwanangu, ambaye sasa yuko sekondari, humsomea kipimajoto kabla ya kwenda shule na kuandika kwenye ile karatasi ya ubavuni. Leo asubuhi aliandika 6. Mkija, msiende kwenye mlango wa mbele, una kufuli. Zungukeni nyuma, nyumba ya pili yenye mlango wa kijani, mpige hodi. Mama husikia.

Ni mimi,
mwalimu wa shule ya msingi, mama wa mwenye kichupa cha mpira